Kikombe cha Babu na Asilimia 36

Mwaka 2011 Tanzania ilikuwa na tiba mbili mpya, moja ikizungumzwa kila kona na nyingine ikijulikana na wachache. Ya kwanza ilikuwa ya Samunge, kijiji cha Loliondo wilayani Ngorongoro, ambako Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri aliyejulikana kama Babu, aligawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba inaponya magonjwa sugu: kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu, hata ukimwi. Foleni ya magari ilipita kilomita 20. Wenye nacho walikwenda kwa helikopta, mawaziri walipigwa picha wakinywa, Waislamu na Wakristo walikaa foleni moja, na wapo wagonjwa waliokata roho kabla zamu yao haijafika. Ya pili ilikuwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyokuwa ikijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe, na katika vituo vingine tisa kwenye nchi sita nyingine za Afrika. Oktoba mwaka huohuo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa: kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa takribani nusu katika mwaka wa kwanza. Hakuna aliyekodi basi kwenda Korogwe.

Ni rahisi kuzisoma habari hizi mbili kama kisa cha ujinga na elimu, na wengi wamezisoma hivyo. Usomaji huo haunitoshi. Waliokwenda Samunge hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wameshaambiwa hospitalini kwamba ugonjwa wao hauna tiba, na walifanya hesabu ambayo mtu yeyote aliyekata tamaa angeifanya: nauli na shilingi 500 upande mmoja, uhai upande wa pili. Tena tiba ya mitishamba si ya kudharauliwa. Dawa bora ya malaria tuliyo nayo leo, artemisinini, ilitoka kwenye mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba vya China, na Tu Youyou aliyeichuja humo miaka ya 1970 alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo mti dhidi ya sindano si ugomvi wenyewe. Swali lenye maana ni hili: kama kikombe kisingeponya, mtu angejuaje? Na kama chanjo isingekinga, mtu angejuaje? Hapo ndipo unyenyekevu wa sayansi na yakini ya imani vinapoachana njia. Na mimi naona unyenyekevu huo haukai moyoni mwa mwanasayansi. Unakaa katika utaratibu wa kukubaliana mapema ni tokeo gani litahesabiwa kuwa ni kushindwa.

Tuanze na kikombe. Dawa ya Samunge ilikuwa na masharti: inywewe palepale, itoke mikononi mwa Babu mwenyewe, na kikombe kiwe kimoja tu. Ukiichukua ukaenda nayo nyumbani, haina kazi. Ukiichemsha mwenyewe kwa mti uleule, haina kazi, maana anayeponya ni Mungu na ndiye aliyemteua mtu na mahali. Yatazame masharti hayo kwa makini, kwani kila mojawapo linafunga mlango ambao ushahidi ungeweza kupitia. Maabara ingeweza kupima maji ya mugariga na kusema hayana sumu, au yana kemikali fulani, lakini isingeweza kusema dawa haifanyi kazi, kwa sababu kilichopimwa maabara kwa tafsiri ya masharti hakikuwa tena dawa. Aliyepona alikuwa ushuhuda. Ambaye hakupona hakurudi Samunge kusema, na kama angerudi, jibu lilikuwa tayari: muda haujatimia, au imani yake haikutosha. Hakukuwa na daftari la wote waliokunywa, wala utaratibu wa kuwafuata wote baada ya mwezi, miezi sita, mwaka. Dai lilijengwa kwa namna ambayo lisingeweza kushindwa. Ndiyo maana halikushinda pia. Foleni ilipungua yenyewe, na Mwasapile alipofariki mwaka 2021 hakukuwa na siku ambayo mtu angeweza kuitaja na kusema, hapa ndipo tulipojua.

Chanjo ilipita njia ya kinyume kabisa, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa kuwa neno “majaribio” limetumika hadi limechakaa. Watoto 15,459 waliingia katika utafiti ule. Nani apate chanjo na nani asipate iliamuliwa kwa kura, si kwa huruma ya muuguzi wala kwa ombi la mzazi. Wale wakubwa kidogo ambao hawakupangiwa RTS,S walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi. Tabibu aliyempima mtoto homa miezi kadhaa baadaye naye hakujua. Huo upofu wa makusudi ni tusi kwa kila mhusika ukiutazama vizuri: unamwambia daktari bingwa kwamba macho yake hayaaminiki, kwamba akijua nani kachanjwa ataona nafuu isiyokuwepo. Kisha wakahesabu. Mwaka 2015 matokeo ya mwisho yalipotoka, ile nusu ya mwanzo ilikuwa imeshuka. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne, kinga kwa takribani miaka minne ilikuwa asilimia 36. Waliopata tatu, asilimia 28. Kwa wachanga walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 ilikuwa chini zaidi. Tena walioandika waliweka wazi kwamba katika kundi lililochanjwa kulikuwa na visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo, jambo ambalo hawakuweza kulieleza.

Wala hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Kilifi, Kenya, wakiongozwa na Ally Olotu, walichapisha matokeo ya watoto 447 waliofuatiliwa kwa miaka saba baada ya dozi tatu. Kinga kwa kipindi chote hicho ilikuwa asilimia 4.4, kiasi kidogo hata hakitofautishiki na sifuri. Kibaya zaidi, kufikia mwaka wa tano, watoto wa maeneo yenye mbu wengi waliochanjwa walikuwa wakiugua zaidi kuliko wenzao ambao hawakuchanjwa. Hawa hawakuwa maadui wa chanjo. Walikuwa watu wa ndani, waliotumia miaka ya ujana wao wa kazi katika utafiti huo. Shirika la Afya Duniani halikuitupa chanjo, wala halikuifunika taarifa. Lilitaka kwanza itolewe kwa majaribio katika huduma za kawaida za chanjo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilianza Malawi, Ghana na Kenya. Hofu ya uti wa mgongo haikuthibitika, na Oktoba 2021 ndipo shirika likapendekeza chanjo itumike. Kuanzia ilipoanza kutengenezwa miaka ya 1980 hadi siku hiyo ilipita zaidi ya miaka 30. Kikombe kilihitaji ndoto moja.

Atakayesoma tarakimu hizo atasema, na ana haki: sasa hiyo asilimia 36 ni kitu cha kujivunia? Mtu anaumwa, unampa theluthi? Lakini theluthi hiyo ina uzito wake. Mahali ambapo mtoto mmoja huugua malaria mara kadhaa kabla hajaanza shule, dozi nne zilizuia visa 1,774 kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, yaani zaidi ya kisa kimoja kwa kila mtoto. Na kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa haraka. Mzazi aliyeambiwa chanjo inakinga kwa theluthi anajua kwamba theluthi mbili bado ziko mikononi mwake, hatatupa chandarua. Aliyeambiwa amepona kabisa ana sababu gani ya kuendelea na dawa? Ndiyo maana wakati wa Loliondo ilibidi wagonjwa waonywe wasiache dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Tarakimu ndogo iliyo ya kweli huacha nafasi ya tahadhari, na yakini isiyopimwa huifuta.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Unyenyekevu gani, msomaji atauliza, wakati wanasayansi ni watu wenye majivuno kuliko maaskofu? Jibu fupi ni kwamba ni kweli. Jibu refu linapatikana Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akafanywa kichekesho cha darasa; kosa lolote la hesabu likaitwa la Mpemba. Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza. Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakuamini jambo lile, lakini aliahidi kulijaribu. Alimwachia kazi fundi wa maabara, ambaye alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yameganda kwanza, akaongeza kwamba wangeendelea kurudia mpaka tokeo sahihi lipatikane.

Kauli ya fundi yule ingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila maabara. Ndani yake mna kiburi chote cha mtu aliyesoma: jibu tunalijua, maumbile ndiyo yamekosea. Kama sayansi ingetegemea tabia njema ya fundi, ya mwalimu wa Magamba na ya wanafunzi waliocheka, swali la Mpemba lingekufa Iringa. Lilinusurika kwa sababu kulikuwa na kanuni iliyo juu ya wote hao, kwamba maji na kipimajoto vina neno la mwisho, na kwamba kijana wa sekondari ana haki ya kuviita vitoe ushahidi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Ukidhani kisa kinaishia kwa ushindi, umekosea. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda mapema. Wengine wamekuja na ushahidi wa namna nyingine, na mjadala haujafungwa. Jina la Mtanzania limo katika vitabu vya fizikia duniani kote, na hakuna anayeona ni dhambi kulipinga.

Naongeza jambo ambalo watetezi wa sayansi hupenda kulipitia haraka. Taasisi zake nazo huteleza zikaanza kuhubiri. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mitandaoni, kwa herufi kubwa kana kwamba ni amri, kwamba virusi vya korona havisambai hewani. Hapakuwa na ushahidi wa kusema hivyo kwa uhakika ule, na baadaye shirika lilibadili msimamo polepole mno. Lililokosekana pale ni lile neno “bado”: bado hatujui. Watu walioambiwa jambo kwa yakini, kisha wakaona limegeuka, hawakujifunza kwamba sayansi hujisahihisha. Walijifunza kwamba wakubwa husema lolote. Kosa la kujifanya kuwa na uhakika halina dini.

Tanzania yenyewe ilitoa funzo kali zaidi wakati huohuo. Kufikia mapema Mei 2020 takwimu rasmi za korona zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo serikali ikanyamaza. Mwezi Juni Rais John Magufuli alitangaza kwamba ugonjwa umeondolewa kwa maombi. Sina shaka kwamba mamilioni waliomba kwa moyo safi. Lakini linganisha mpangilio wa mambo hayo na masharti ya Samunge: kwanza hesabu ilisimamishwa, halafu ushindi ukatangazwa. Kama maombi yalikuwa yameushinda ugonjwa, kuhesabu kungekuwa ushuhuda mkubwa kuliko wote. Na waliouvunja ukimya huo hawakuwa wanasayansi peke yao. Mapema mwaka 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilionya hadharani kwamba ugonjwa upo, na mwezi Machi katibu wake, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 walikuwa wamefariki katika miezi miwili, pamoja na makumi ya masista. Wakati dola ilipoacha kuhesabu, kanisa lilihesabu maiti zake. Anayetaka kugawa watu katika kambi mbili, waumini huku na wenye akili kule, aeleze tukio hilo.

Hapa muumini makini atakuwa na hoja yake, na ni hoja ya kiteolojia inayostahili jibu la kiteolojia. Atasema: Mungu hapimwi. Maandiko yanakataza kumjaribu Bwana, na imani inayosubiri majibu ya maabara imeshakuwa kitu kingine. Nakubali. Mwaka 2006 nchini Marekani kulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, baadhi wakiombewa na baadhi bila kuombewa. Kuombewa hakukuleta tofauti, na waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa ndio waliopata matatizo zaidi, asilimia 59 dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na hakika. Waumini wengi walisema utafiti ule ulikuwa upuuzi, kwa kuwa sala si kidonge na Mungu si mashine ya kubonyezwa. Naona walikuwa na haki. Ila haki hiyo ina gharama. Kama sala si kidonge, basi kikombe kinachosemwa kinaponya kisukari kwa shilingi 500 kisitangazwe kama kidonge. Mtu hawezi kuwa nje ya hesabu siku ya kupimwa, kisha akarudi ndani ya hesabu siku ya ushuhuda akasema maelfu wamepona. Na aliyepaswa kupimwa Samunge hakuwa Mungu. Alikuwa mtu aliyesema Mungu amemwambia. Kwa huyo Biblia yenyewe haina haya. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inatoa kipimo cha nabii: alilolinena kwa jina la Bwana lisipotokea, basi si Bwana aliyelinena. Hicho ni kipimo chenye uwezekano wa kushindwa, kimeandikwa karne nyingi kabla ya maabara yoyote.

Upande wa Uislamu mfano uko wazi zaidi, kwa sababu kukiri uwezekano wa kukosea kumefanywa sehemu ya kazi ya mwanazuoni. Anayejitahidi kutafuta hukumu akapatia ana thawabu mbili, akikosea ana moja, kwa hiyo kosa la dhati halimfukuzi mtu kwenye elimu. Fatwa hufungwa kwa wallahu aalam, yaani Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Inasimuliwa kuwa Imamu Malik aliulizwa maswali mengi na mtu aliyesafiri kutoka mbali, akajibu machache na mengine akasema hajui, bila kuona aibu. Hayo ni mazoea ya watu waliotofautisha yakini juu ya Mungu na dhana juu ya maneno yao wenyewe kumhusu Mungu. Tatizo ni kwamba kipaza sauti cha mkutano wa uponyaji hakina nafasi ya kusema sijui, na mhubiri anayesema hivyo atamwona jirani yake akijaza uwanja.

Linabaki pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote: kwamba mwanadamu hawezi kuishi kwa asilimia. Mama anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe hospitalini hahitaji tarakimu. Anahitaji kitu cha kushika, na sayansi haina. Hilo ni kweli, wala sioni kwa nini sayansi ijaribu kukitoa. Yakini ya kwamba maisha ya mtoto yule yana maana, kwamba hayuko peke yake, kwamba kifo si neno la mwisho, haishindani na chanjo yoyote kwa kuwa haidai lolote kuhusu vimelea vya malaria. Mama anaweza kuwa nayo yote mia kwa mia. Inaanza kushindana pale mtu anapomnong’oneza mama huyohuyo kwamba kwa kuwa ana imani, dripu ing’olewe. Kauli hiyo ni dai kuhusu damu, sukari na vimelea, hata ikisemwa kwa sauti ya sala, na anayeisema anapaswa kuulizwa yale waliyoulizwa watafiti wa Kilifi: umewapa wangapi, uliwafuata kwa muda gani, na wale ambao hawakupona umewaandika wapi?